Bila Rompé Hakuna Kuondoka

Baba yangu aliacha upolisi, lakini upolisi haukumwacha yeye. Watu husema hivyo kwa mzaha juu ya wazee wengi. Kwetu haukuwa mzaha, ilikuwa kila asubuhi saa kumi na mbili, kwa filimbi.

Tulikaa kilimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Masisi senta, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka na maharage huchelewa kuiva. Baba alikuwa kaporali wa polisi wa teritwari, yaani wilaya, kwa miaka mingi, na vita vya wazungu vilipoisha akaambiwa basi, apumzike. Akarudisha bunduki, akarudisha mkanda, akarudisha kofia nyekundu yenye kishada. Filimbi hakurudisha. Aliwaambia imepotea mtoni. Ni kitu kimoja tu alichoiba maishani mwake, na sisi ndio tulioadhibiwa kwa wizi huo.

Filimbi ikilia, tunatoka mbio na kupanga mstari mbele ya nyumba. Mama kwanza, kisha mimi binti mkubwa, kisha wadogo zangu wawili wa kiume, kisha mbuzi. Mbuzi walikuwa wanne na walikuwa na nidhamu kutushinda. Baba anasimama mbele yetu amefunga vifungo vyote vya koti, anaita "Gardavu," nasi tunabana visigino matopeni. Kisha anataja majina, na kila mmoja anajibu "Prezá," maana yake nipo. Mbuzi peke yao walisamehewa kujibu.

Mama hakujibu "Prezá" hata siku moja. Yeye alijibu "Niko."

"Neno ya kazi iko prezá," baba anamwambia.

"Mimi siko ku kazi, Papa. Niko kwangu."

Baba anakohoa, anapita kwa mwingine. Aliwahi kufunga wezi wa ng'ombe, walevi na machifu wadogo wadogo, lakini mama alimshinda, na kama kila polisi anayejua kazi yake, mtu aliyemshinda alijifanya hamwoni.

Baada ya majina zinakuja amri. Wewe maji. Wewe kuni. Wewe kupalilia maharage ya juu. Halafu linakuja neno tulilolingoja kwa miguu inayotetemeka baridi: "Rompé." Ni neno la Kifaransa la kwenye gwaride, maana yake tawanyikeni. Sijui hata leo linaandikwaje na wenyewe. Naliandika nilivyolisikia. Masista walinifundisha kuandika Kiswahili cha kitabu na nikiandika nanyoosha ulimi, lakini maneno ya watu wangu nayaacha yalivyotoka kinywani. Bila rompé hakuna aliyeinua mguu. Mvua inyeshe, mtoto abanwe na haja, bila rompé hakuna kuondoka.

Siku moja baba alikuwa katikati ya amri, akapita mtu aliyekuwa akitoka Kitshanga na habari za ng'ombe waliotoroka. Baba alipenda sana habari za vitu vilivyotoroka. Akamsindikiza yule mtu hatua mbili, kumi, mpaka bondeni, akatusahau. Tukasimama. Jikoni chungu cha maharage kilikuwa motoni, tukaanza kusikia harufu, kwanza nzuri, kisha mbaya. Mdogo wangu akalia kwamba yanaungua. Nikamtazama mama, nikijua yeye hamwogopi baba, atakwenda kuyaepua. Hakwenda. Alikunja mikono akasema kwa sauti ya utulivu, "Tumuache aone mwenyewe." Baba akarudi jua limeshapanda, akatukuta mstarini na moshi mweusi umetoka mlangoni. Akatutazama kwa muda. Badala ya kuona haya kama binadamu, macho yake yakajaa fahari. Akasema "Rompé" kama mtu anayegawa medali, na mchana ule tukala maharage yenye ladha ya mkaa.

"Huyu siku moja atashindwa kusema ile neno," mama akaniambia tukisugua chungu, "na tutaota mizizi hapa mbele ya nyumba."

Misioni baba alikuwa vilevile. Wakati wa Sanktusi wengine wanapiga magoti, yeye anasimama wima, kwa sababu mkubwa ameingia. Akienda kuungama alianza na dhambi za majirani: nani amepika pombe, nani amekata mti wa watu, nani hakwenda kulima barabara. Padri alikuwa mzungu mpole mwenye masikio mazito, akamvumilia. Lakini siku moja tulimsikia toka nje akimwambia kwa sauti, "Na wewe, Kaporali, wewe mwenyewe ulifanya nini?" Baba akajibu, "Mimi niliwaandika wote, Padri." Ile ya filimbi hakuitaja.

Sasa niseme jinsi alivyompata mama, kwa maana yote yanatokea huko.

Mama alizaliwa Kibua, upande wa Walikale, kule chini ambako msitu ni mnene, jua ni kali na watu wanapika kwa mawese. Baba yeye hakuwa mtu wa Masisi wala wa Walikale. Alitoka mbali, upande wa Maniema, serikali ilimleta kama inavyoleta meza na kiti. Alikuwa kijana bado alipofika Kibua akimfuata mzungu wa usafi. Siku hizo ilikuwa hivyo: mzungu anapita kijiji kwa kijiji kutazama choo na jiko, na polisi anamfuata kuandika wenye makosa. Mzungu alichoka na joto akaketi kivulini. Baba akaingia mwenyewe katika jiko la mama mmoja mjane, akapitisha kidole juu ya jiwe la kupondea sombe, majani ya muhogo, akakitazama kidole, akasema, "Jiko iko chafu." Akamwandika. Yule mama akafagia barabara kutwa nzima mbele ya kijiji kizima, mwanamke mwenye mvi, mwenye heshima zake.

Na wakati anaandika, binti wa yule mama akaingia na ufagio mkononi, akamtazama baba kwa hasira; baba alisema hajawahi kutazamwa hivyo hata na majambazi. Baada ya majuma mawili akarudi bila mzungu, na mbuzi wa kuposa. Haya ndiyo mapenzi ya polisi: kwanza anakuandika, halafu anakuja kwenu.

Ukoo ulikubali. Nyanya, yule mjane wa jiko, hakuwa na neno la kupinga, mbuzi walikuwa wanono na kofia nyekundu ilikuwa kofia nyekundu. Lakini kutoka siku ile hakumwita baba "mukwe" hata mara moja. Alimwita Kofia. Tukienda kumsalimu anauliza, "Kofia iko wapi?" Na tukimwambia iko kazini anajibu, "Ah, iko inapitisha kidole." Baba alijua jina hilo. Alisema halimsumbui. Nilimwona siku moja, hapo Kibua, amesimama nje ya lile jiko na zawadi ya chumvi mkononi, anangoja kuambiwa karibu. Jua likazunguka. Hakuambiwa, akaiweka chumvi mlangoni.

Basi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, baba amekwisha kupumzika upolisi kwa miaka kadhaa, siku moja akapita mchukuzi wa mawese kutoka Kibua. Akatua mzigo wake akamwambia mama, "Mama yako iko mugonjwa. Hakuli tena. Anaita jina yako." Kwenda Kibua ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Mama hakulia. Aliingia ndani akachukua kikapu, akatia maharage, kipande cha sabuni na kitenge kipya ambacho hajakivaa. Alipotoka amebeba kikapu, baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Karatasi iko wapi?"

Nieleze kwa wasiojua. Wakati ule mtu mweusi hakutoka teritwari moja kuingia nyingine kwa kupenda kwake. Ilitakiwa karatasi ya biro, yaani ofisi ya serikali, yenye jina, siku na muhuri. Barabarani, pale darajani kabla ya kuingia Walikale, paliwekwa baryeri, mti mrefu wa kufunga njia, na polisi. Asiye na karatasi, kasho, yaani jela, siku saba. Baba alikuwa amesimama kwenye ile baryeri muda mrefu wa maisha yake. Alimkamata hata bwana harusi aliyeikwepa akienda kwenye harusi yake mwenyewe, na bibi harusi akangoja hizo siku saba na wageni wakamaliza pombe. Baba aliisimulia hadithi hiyo kama mfano wa kazi nzuri.

"Mama yangu anakufa," mama akasema, "na wewe unaniuliza karatasi."

"Kesho asubuhi ninaenda biro. Bananijua kule. Ni dakika tu."

Akapiga pasi koti lake kwa pasi ya makaa, akaondoka alfajiri. Akarudi jioni. Karani alikuwa na kazi nyingi. Mama akatoa maharage kikapuni ili panya wasiyale. Siku ya pili mama akayarudisha maharage, baba akaenda, akarudi jioni. Karani alikuwapo lakini muhuri ulikuwa umefungiwa. "Biro iko na kazi mingi," akatuambia, kana kwamba sisi ndio tuliolalamika. Hakuna aliyelalamika. Mama alitoa maharage tena, na mara hii alimwaga nusu chini, akayaokota moja moja bila kuinua uso.

Siku ya tatu alinichukua mimi nimbebee mwavuli. Ndipo nikaona. Ile biro aliyoilinda miaka yote, bendera aliyoipandisha kwa mikono yake, ilimkalisha kwenye benchi la nje pamoja na waliokuja kulalamikia mbuzi. Karani alikuwa kijana wa shule mwenye kalamu sikioni, hajawahi hata kufukuza kuku. Alipomwita, baba akasimama wima, visigino vikagongana.

"Bibi yako ameandikwa chini ya jina yako, Papa," karani akasema akipekua daftari. "Basi tutafute kwanza karatasi yako."

"Yangu?"

"Wewe ni muntu wa Maniema. Unaishi huku Masisi na karatasi gani?"

Baba akaanza kusema kwamba yeye alikuwa kaporali, kwamba aliletwa na serikali. Karani akasema kweli, alipokuwa na kofia, kofia ilikuwa karatasi. Sasa kofia amerudisha. Itabidi chifu wa kwao kule Maniema aandike barua, barua ije na posta, Bwana Mkubwa aitie sahihi, ndipo Papa awe mtu wa hapa, ndipo bibi yake apate ruhusa. "Miezi mitatu ao mine," akasema. "Na kwa sasa, Papa, usitembee-tembee sana. Kwa sheria, hata kuja hapa ulikosa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonya mzee juu ya utelezi.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Baba aliupenda sana msemo huo alipokuwa upande wa mpini. Tulipofika nyumbani aliketi juu ya kinu, kitu ambacho alitukataza sisi kukikalia, akamweleza mama yote, neno kwa neno, kama ripoti.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka yote ulifunga bantu juu ya karatasi. Leo karatasi inamufunga mama yangu. Alinizaa, nimufikie nani tena?" Ndipo akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na niliogopa. Baba alitazama mikono yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi, mtoto wake, sikumwambia pole. Nilimchukia jioni ile, na sioni haya kuiandika.

Asubuhi filimbi haikulia. Tulijipanga wenyewe kwa mazoea. Baba akatoka bila koti, amevaa shati la shambani, na panga mkononi.

"Batoto wawili watabaki kwa jirani," akasema. "Mama na binti, marshi. Tunaenda Kibua."

"Karatasi?" mama akauliza.

"Kuna njia ingine. Minaijua."

Aliijua, na jinsi alivyoijua ni jambo la kuchekesha. Ilikuwa njia ya chini, inayopita msituni na kuvuka mto mahali penye mawe, mbali na daraja na baryeri. Waliitumia wote wasio na karatasi. Baba aliigundua alipokuwa kazini, na kwa miaka mingi alilala kwenye magugu yake akiwangoja. Alijua kila kona, kwa sababu kila kona alimkamata mtu. Tulitembea siku nzima nyuma yake na kila mara alisimama kutuonyesha. "Hapa nilikamata babili na kitunga cha kuku." "Pale bwana harusi." Kama padri anayeonyesha njia ya msalaba. Mama alimfuata kimya, kikapu kichwani. Siku ya pili mchana tukakaribia kile kivuko, na baba akatuambia tuchutame nyuma ya gogo lililooza.

"Hapa njo mahali pa kulala polisi," akanong'ona. "Nilibafundisha mimi mwenyewe. Lakini leo haiko siku ya soko, hakuna muntu."

Alikuwa anakosea. Kijana wa polisi alikuwapo, hatua thelathini chini yetu, amelala kwenye magugu hasa pale alipofundishwa. Na hakutuona. Nataka hili lieleweke: hakutuona kabisa, alikuwa ametupa mgongo. Alimwona mama mmoja tu aliyekuwa akivuka maji na mbuzi wake wa kamba. Kijana akaruka, akapiga ukelele wa kumsimamisha yule mama:

"Alti!"

Na baba, nyuma ya gogo, mahali salama, akasimama wima kama mti, akabana visigino, akatoa kifua nje, akajibu kwa sauti iliyojaza msitu:

"Prezá!"

Hakuna mtu aliyeshangaa kuliko yeye mwenyewe. Kijana akageuka. Yule mama na mbuzi wake wakapotea ng'ambo kama hawakuwahi kuzaliwa. Mama yangu akafunika uso kwa mikono miwili. Baba alibaki amesimama, mdomo wazi, akitafuta neno la kurudisha lile lililokwisha kutoka.

Kijana akapanda mpaka kwetu na bunduki, akamtambua, akapiga saluti. Kisha akakumbuka kwamba anamkamata, akashusha mkono. Kisha akaupandisha tena. Aliteseka, maskini.

"Kaporali," akasema, "niambie nifanye nini."

"Nilikufundisha nini?"

"Muntu bila karatasi, kasho."

"Basi," baba akasema, na akanyoosha mikono yake mbele afungwe. Kijana akatoa kamba, akafunga ovyo. Baba akatazama fundo kwa huzuni. "Hapana hivi. Hii muntu atatoroka. Zungusha mara mbili, halafu pitisha chini." Na kijana akazungusha mara mbili, akapitisha chini.

Kisha akatutazama sisi wawili, tumechutama na kikapu chetu, mkono mmoja tu kutoka miguuni pake. Akauliza, "Na hawa?"

Baba hakugeuka. Alitazama mbele, kama kwenye gwaride. Yule mtu aliyemwandika mama mkwe wake kwa ajili ya jiwe la sombe, aliyeungama dhambi za tarafa nzima, akasema, "Hawa nani? Mimi niko peke yangu."

Kijana akatutazama tena kwa muda mrefu. "Njo vile, Kaporali," akasema. "Uko peke yako."

Nikasimama nikamshika mama mkono. Mama hakusogea. Alikuwa anamtazama baba, zile mvi kisogoni, kamba mikononi, shati lake la shambani limelowa. Ningesema alikuwa na hasira, lakini hasira yake niliijua, na haikuwa hii.

"Rompé," baba akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

Mama hakuondoka. Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kusemwa kwetu na mtu akabaki mahali pake.

"Mama wa batoto," baba akasema. "Minakuomba. Rompé."

Tukaondoka. Tulipovuka mawe nilitazama nyuma, nikaona wanapanda kilima, baba mbele na kijana nyuma, na nadhani baba alikuwa akimrekebisha jinsi ya kushika bunduki.

Tulifika Kibua jioni ya siku ya tatu. Nyanya alikuwa hai. Alilala kwenye mkeka karibu na moto, amebaki mifupa na macho, lakini macho yalikuwa yake. Mama akalala kando yake, akamshika kama mtoto. Kisha nyanya akauliza, kwa sauti kama majani makavu:

"Kofia iko wapi?"

"Iko kazini, mama," mama akajibu.

"Iko mu kasho," mimi nikasema. Nilikuwa nimechoka, na siku zote nimekuwa na mdomo.

Nyanya akataka kujua. Nikamweleza: benchi la biro, karani na kalamu yake, njia ya chini, gogo, mbuzi, na lile "Prezá". Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mama akanikaripia. Alipopata pumzi akasema, "Sema tena pale anajibu." Siku nne alizoishi baada ya hapo, kila asubuhi aliniita nisimame wima, nibane visigino, nijibu "Prezá". Watu wa kijiji walikuja kuona. Wengine kati yao waliwahi kufungwa na baba, nao walicheka kuliko wote, na walileta ndizi.

Siku ya nne hakucheka. Aliniita karibu, akamwita na mama. Kisha akasema maneno ambayo mama aliyabeba siku tatu za safari bila kuyataja, hata kwangu niliyeyasikia. Akafa saa za mchana, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Tukamzika, tukarudi kwa njia ileile ya chini, na pale kwenye gogo hapakuwa na mtu. Nadhani yule kijana alikuwa amelala mahali pengine kwa makusudi.

Tulipofika nyumbani baba alikuwa ametoka kasho. Siku saba amefagia uwanja wa biro ambao zamani aliwasimamia wengine kuufagia. Baadaye tulisikia kwamba wafungwa wenzake walimwomba mlinzi amhamishe, kwa sababu kila alfajiri aliwapanga mstari na kuwataja majina. Lakini mbele yetu alikuwa mtu mwingine. Aliketi jikoni, hakuuliza kitu. Aliona kitambaa cha msiba kichwani mwa mama, akainamisha uso. Hakuthubutu kuuliza kama tulimkuta hai.

Asubuhi yake hapakuwa na filimbi. Mfungwa hawezi kuita majina ya watu huru, nadhani ndivyo alivyowaza. Saa kumi na mbili ikapita. Mama alikuwa ameinjika maharage. Akatoka jikoni, akaingia chumbani, akatoka na filimbi, akaipuliza. Hakujua kuipuliza vizuri, ikatoa sauti ya kuku anayekabwa. Tukapanga mstari, mimi, wadogo zangu, mbuzi, na mama akasimama mahali pake, wa kwanza. Baba akatoka amechanganyikiwa, vifungo vya koti viko wazi. Akasimama mbele yetu kwa sababu hakujua asimame wapi kwingine.

"Ita majina," mama akamwambia.

Akataja jina la mama, taratibu.

"Prezá," mama akajibu.

Baba akamtazama. Mama akatazama mbele, kidevu juu, kama askari anayetoa ripoti. Akasema, "Tulifika. Tulimukuta muzima. Alikaa na mimi siku ine. Alikufa mukono wake iko mu mukono yangu." Kisha akaongeza, "Alituma neno kwako. Alisema, mumuambie mukwe wangu akuje kuangalia jiko. Iko safi."

Vidole vya baba vikaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa, halafu havikuwa na kazi tena. Akafungua mdomo kusema lile neno la kututawanya, akaufunga. Akaufungua tena. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye ukosi, na hakuyafuta, kwa sababu mtu akiwa gardavu hafuti uso. Sisi tukasimama. Jua likatoka, ukungu ukapungua, harufu ikaanza kutoka jikoni, kwanza nzuri, kisha mbaya. Mdogo wangu akanivuta nguo, nikamnyamazisha.

Maharage yaliungua siku ile pia, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.